Marekani pori liko wazi mpaka lifungwe, kwetu limefungwa mpaka lifunguliwe. Kwa nini?

#1 Mjukuu wa Msasi
Wakuu, salaam.

Niko Boise, Idaho, mwaka wa sita huu. Jumamosi iliyopita mzungu mmoja ninayefanya naye kazi ghalani alinichukua twende kuwinda. Tumeendesha kama saa moja na nusu, lami ikaisha, akaegesha kando ya barabara ya vumbi na kushusha bunduki. Mimi nikawa naangaza macho natafuta geti. Hakuna geti, hakuna askari, hakuna daftari la kusaini. Nikamuuliza, hili pori la nani? Akanijibu: "Lako." Nikacheka, maana hata uraia sijapata.

Usiku nikakaa kusoma. Kumbe wana sheria ya mwaka 2019 inayosema ardhi za serikali kuu zilizo chini ya Idara ya Misitu na ile idara ya ardhi wanayoiita BLM ziko wazi kwa kuwinda, kuvua na kulenga shabaha, mpaka pale serikali itakapopafunga kwa sababu maalumu. Anayetaka kufunga ndiye anayejieleza, si anayetaka kuingia.

Nikamkumbuka babu yangu, kwetu Sikonge, Tabora, Tanzania. Alikuwa na gobore lake, lakini alimwogopa bwana nyama (ofisa wa wanyamapori) kuliko simba. Porini aliingia kama mwizi, kwenye pori ambalo baba yake alizaliwa ndani yake.

Swali langu: wenzetu waliwezaje kuandika sheria ya kumlinda mwindaji, wakati kwetu kila sheria ni ya kumkamata?

#2 Siti ya Dirishani
Nimewahi siti. Wajuzi shukeni, karanga ninazo.

#3 Bwana Nyama Mstaafu
Mjukuu, babu yako aliniogopa mimi labda, maana Tabora nimefanya kazi miaka mingi tu.

Rafiki yako amekupa nusu ya jibu. Ardhi ni yako, sawa. Mnyama je? Huko wanyama wanasimamiwa na jimbo, ardhi ni ya serikali kuu. Muulize kama alikuwa na leseni ya jimbo na tagi, yaani kibali cha mnyama mmoja aliyemfuata. Bila hivyo viwili, huyo bwana nyama wa Idaho angemshughulikia vizuri tu.

Pili, usiwadanganye vijana kwamba Tanzania kila kitu kimefungwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, kama ile ya 1974 iliyoitangulia, inatambua uwindaji wa wenyeji kwa leseni. Hifadhi za Taifa huwindi, huo ni mwiko. Mapori ya akiba na mapori tengefu kuna utaratibu wake. Tatizo la babu yako halikuwa sheria kutokuwepo. Lilikuwa nauli ya kwenda kuifuata leseni mjini, na bei ya leseni ikilinganishwa na bei ya mbuzi.

#4 Mjukuu wa Msasi
#3 shikamoo mzee. Tagi alikuwa nayo, ya kulungu mmoja dume. Kozi ya uwindaji pia alifanya. Hapa Idaho aliyezaliwa tangu 1 Januari 1975 hapati leseni bila kozi. Mimi nilibeba darubini na mikate tu, kwa hiyo punguza kunikamata.

Ila hilo la nauli umelisema wewe mwenyewe. Haki inayohitaji safari ya siku mbili kuifuata ni haki gani?

#5 Mswahili wa Dallas
Tusiseme "Marekani" kama vile ni kijiji kimoja. Idaho zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ni ya serikali kuu, ndiyo maana unashuka garini na kuanza kutembea. Njoo huku Texas. Zaidi ya asilimia 95 ni ya watu binafsi, uzio mpaka macho yachoke. Ukitaka kuwinda unakodi nafasi kwenye ranchi ya mtu kwa msimu, na bei yake utadhani unakodi nyumba. Katiba ya jimbo tangu 2015 inasema kuwinda na kuvua ni haki yangu. Nashukuru. Nawindia wapi? Sebuleni?

#6 Siti ya Dirishani
"Sebuleni" 😂😂 karanga zimenipalia.

#7 Wakili wa Mlangoni
Naongeza nyama kwenye #1, kisha nasahihisha.

Sheria yenyewe imepewa jina la mbunge John Dingell. Ilipita Seneti kwa kura 92 dhidi ya 8, Baraza la Wawakilishi 363 kwa 62, ikasainiwa Machi 2019. Kwa Bunge lile, ambalo hata saa ngapi ni sasa hawakubaliani, hizo ni kura za maajabu. Inaruhusu kufunga kwa sababu kama usalama wa watu au kutii sheria nyingine, lakini eneo liwe dogo iwezekanavyo na muda mfupi iwezekanavyo, jimbo lishauriwe, wananchi watangaziwe na watoe maoni. Kufunga kwa dharura mwisho siku 180 kwa mkupuo.

Sasa sahihisho. Haigusi Hifadhi za Taifa kama Yellowstone. Huko kuwinda hakuna, isipokuwa pale Kongresi yenyewe iliporuhusu. Na mapori yao ya akiba ya wanyama na ndege yanafuata kanuni ya kwetu hasa: yamefungwa mpaka yafunguliwe. Kwa hiyo kichwa cha uzi huu ni kizuri kwa kuvutia wasomaji, ila ni kweli nusu.

#8 Kipanga
Huyo Dingell si ndiye aliyeleta ushuru wa ndoana miaka ya 50? Alikuwa na umri gani huyo mzee mpaka 2019?

#9 Wakili wa Mlangoni
#8 umechanganya baba na mwana. Ushuru wa vifaa vya uvuvi, 1950, ni wa Dingell baba. Huyu wa 2019 ni mwanawe, alirithi kiti na kukikalia miaka 59. Alifariki Februari 2019, wiki chache kabla sheria haijasainiwa. Mwenyewe alikuwa mwindaji.

#10 Siti ya Dirishani
Miaka 59 bungeni, halafu tunamsema mbunge wetu wa vipindi vitatu.

#11 Kipanga
Sawa, nimesahihishwa. Lakini hapo hapo ndipo jibu lilipo, na Mjukuu hataki kuliona. PESA. Tangu sheria ya 1937, kila bunduki ndefu na kila sanduku la risasi linalouzwa Marekani lina ushuru wa asilimia 11 kiwandani, bastola asilimia 10. Fedha hizo haziendi kununua mashangingi, zinagawiwa majimbo kwa ajili ya wanyama na makazi yao. Miaka hii ni karibu dola bilioni 1 kwa mwaka. Weka juu yake leseni, na ile stempu ya dola 25 anayonunua mwindaji wa bata. Mwindaji ndiye mlipaji. Nani anamfungia mlango mteja anayelipa?

Kwetu mlipaji ni nani? Mtalii wa kitalu, yule anayekuja kuwinda kwa dola. Basi pori linamsikiliza mtalii wa kitalu. Hakuna fumbo hapa.

#12 Mama Ujiji
Kipanga, mvuvi wa Kigoma naye analipa leseni, leseni ya chombo, ushuru wa mwaloni. Mwaka 2024 ziwa likafungwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Sasa mbona sisi walipaji tulifungiwa mlango?

Sisemi kufunga ni kosa. Dagaa walikuwa wameisha kweli, na baada ya kufunguliwa watu walipata. Nasema tu hoja yako ya "mlipaji hafungiwi" haijafika Ujiji.

#13 Kipanga
Mama, wewe unalipa ada. Wao wanalipa ada halafu wana chama kinachopiga simu kwa mbunge. Ni vitu viwili.

#14 Mama Ujiji
Basi sema ni chama, usiseme ni pesa.

#15 Jirani wa Nyeri
Haya, jirani amefika. Sisi tulimaliza maneno 1977, uwindaji tukapiga marufuku, na hatujafungua. Twiga wetu hawajui tagi ni nini. Nyinyi watani endeleeni kuuza simba kwa dola halafu mje hapa kulia haki ya babu.

#16 Bwana Nyama Mstaafu
Karibu jirani. Hao wanyama wenu wakivuka Mara kuja Serengeti hawaombi ruhusa, wanakimbilia kwetu wenyewe.

Utani pembeni: watafiti walihesabu wanyama wa nyanda zenu za malisho kuanzia 1977 hadi 2016, wakakuta wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Bila mwindaji mwenye leseni hata mmoja. Marufuku peke yake haizai nyumbu.

#17 Jirani wa Nyeri
Mzee, hizo ni fensi, ng'ombe, ukame na mashamba. Ungeongeza bunduki juu ya hayo tungebaki na sungura. Lakini nakupa nusu pointi.

#18 Mshazari
Hamjagusa kisa kitamu kuliko vyote. Sheria inaweza kusema pori liko wazi, na bado usifike.

Ardhi za magharibi mwa Marekani zilikatwa kama ubao wa drafti enzi za reli, miaka ya 1860. Serikali iliipa kampuni ya reli kipande, ikabaki na kinachofuata, hivyo hivyo maili kwa maili. Vyeusi vikaja kuwa vya matajiri, vyeupe vikabaki vya umma. Kutoka cheupe kwenda cheupe unapita wapi? Kwenye kona tu, mshazari, kama kete ya drafti.

Mwaka 2021 jamaa wanne wa Missouri wakaenda Wyoming, mlima unaitwa Elk Mountain, kuwinda elki (kulungu mkubwa, dume lake linakaribia farasi). Kwenye kona mwenye ranchi alishachomeka nguzo na mnyororo. Jamaa walikuja na ngazi ya chuma waliyoiunda nyumbani. Wakapanda upande huu, wakashuka upande ule, hawakukanyaga hata jani la tajiri.

Wakashtakiwa kwa kuvamia. Wamekanyaga wapi? HEWANI. Wamekatiza hewa ya tajiri. Mwaka 2022 baraza la wazee wa mahakama la wilaya ile likawaachia. Tajiri akafungua kesi ya madai, akadai thamani ya ranchi imeporomoka kwa zaidi ya dola milioni 7. Mahakama ya Rufaa, Machi 2025, ikafukua sheria ya 1885 inayokataza kuizungushia uzio ardhi ya umma, ikasema jamaa hawana kosa. Mwenye ranchi akaenda Mahakama Kuu ya nchi. Oktoba 2025 ikakataa hata kumsikiliza.

Yaani haki ya 2019 ilisaidiwa na sheria ya 1885 na ngazi.

#19 Siti ya Dirishani
Mkuu Mshazari hii ilipaswa kuwa uzi wa peke yake. Kukatiza HEWA.

#20 Mjukuu wa Msasi
Nimesoma mara mbili. Kesho naenda dukani kununua ngazi.

#21 Wakili wa Mlangoni
Mjukuu, tulia. Hukumu hiyo ni ya Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 10, inayobana majimbo yake tu: Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma. Idaho uko Mzunguko wa 9, na huko haijaamuliwa hivyo. Rudisha ngazi, tunza risiti.

#22 Mutu ya Bukavu
Jambo bandugu. Miye niko mutu ya Bukavu, sasa niko naishi Missoula, Montana. Mutanisamehe Kiswahili yangu.

Hapa mjini katikati kunapita mto Clark Fork. Mimi navua kila jioni ya joto. Sheria ya Montana ya 1985 inasema mto ni wa watu wote mpaka alama ya maji ya juu, hata kama kando yake ni shamba ya tajiri. Ukiingilia penye daraja, hakuna mutu anakufukuza. Mara ya kwanza nilivua huku naangalia nyuma.

Kwetu Kongo, wakati hifadhi ya Kahuzi-Biega ilifanywa, miaka ya 70, Batwa walitolewa msituni. Hawakupewa ardhi ingine. Hiyo msitu ilikuwa nyumba, dawa na nyama. Mpaka mwaka 2024 ndipo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza kwamba haki zao zilivunjwa. Mutwa anayeingia leo kutafuta asali anaitwa mwindaji haramu.

Kwa hiyo miye nauliza ingine. Hiyo pori ya Idaho iliyo wazi, mbele ilikuwa ya nani?

#23 Kipanga
Hapo umetupiga wote.

#24 Mswahili wa Dallas
#22 ndugu, umefungua mlango ambao wawindaji wa huku hawapendi ufunguliwe. Pori "tupu" la umma lilifanywa liwe tupu. Makabila yalisaini mikataba, na mingi ilisema watabaki na haki ya kuwinda na kuvua kwenye maeneo yao ya zamani. Kisha wakivua wanakamatwa na jimbo. Kule Washington ilibidi jaji Boldt, mwaka 1974, aseme mkataba ni mkataba: makabila yana haki ya nusu ya samoni wanaoweza kuvuliwa. Wavuvi wazungu walikasirika mno.

Na mwaka 2019, mwaka ule ule wa sheria ya Dingell, Mahakama Kuu iliamua kesi ya mtu wa kabila la Crow aitwaye Herrera aliyepiga elki kwenye Msitu wa Taifa wa Bighorn, Wyoming. Jimbo lilidai mkataba wa 1868 ulikufa Wyoming ilipopata hadhi ya jimbo. Mahakama, kura 5 kwa 4, ikasema haukufa.

Mjukuu anauliza waliwezaje. Labda ni rahisi kufungua pori ukishamtoa mwenye nalo.

#25 Bwana Nyama Mstaafu
Na kwetu nani alifunga? Si mimi, ingawa mnanitazama. Sheria za kwanza za kumzuia Mwafrika kuwinda aliziweka Mjerumani. Gavana Wissmann alitoa yake 1896, na mapori ya akiba yakaanzia hapo. Mzungu mwenye bunduki akaitwa mwindaji, mwenye mtego akaitwa jangili. Mwingereza akarithi, sisi tukarithi. Nilipoingia kazini nilikabidhiwa kofia, buti na fikra hizo, zote kwa saizi yangu.

Ila hata leo Wahadzabe sheria inatambua uwindaji wao wa asili. Tatizo lao kubwa sasa si bwana nyama, ni mashamba na mifugo inayowazunguka.

#26 Wakili wa Mlangoni
Mzee, naheshimu, lakini #25 inamuonea Mjerumani peke yake. Marekani nao walikuwa na mwisho wao mbaya: nyati wa tambarare walimalizwa kwa biashara ya ngozi, aina moja ya njiwa wa porini, waliokuwa mabilioni, ikatoweka kabisa. Ndipo wakafunga soko. Mwindaji wa kawaida huko haruhusiwi kuuza nyama ya kulungu aliyempiga. Anakula au anagawa. Ukiweka msimu, tagi na hakuna soko, unaweza kuacha geti wazi. Kwetu tangu 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori. Ni vitu tofauti kabisa, na mimi naona jibu liko hapo zaidi kuliko kwenye historia.

#27 Mama Ujiji
Kwa hiyo ni pesa, ni chama, ni Mjerumani, au ni bucha?

#28 Kipanga
Ni pesa, Mama. Nasimama pale pale.

#29 Abu Salim wa Maskati
Samahani natoka nje ya mada. Mjukuu, huyo kulungu mlipata? Na je, mlisoma bismillahi? Maana nyama ya kupigwa risasi watu wanauliza sana huku.

#30 Mjukuu wa Msasi
#29 hatukupata kitu, mikate tu ndiyo iliyochinjwa.

#31 Jirani wa Nyeri
😂😂 darubini ilikuwa ya nini sasa

#32 Bakari wa Kibokoni
#29 shekhe, wanazuoni wengi wa sasa wanaruhusu: anayepiga awe Mwislamu au Mkristo au Myahudi, jina la Mungu litajwe wakati wa kufyatua. Ukimkuta bado hai, umchinje. Kwa mengine muulize imamu wako, si sisi wa kwenye uzi.

#33 Kipanga
Tukiwa kwenye risasi: kuna ugomvi mkubwa huko wa madini ya risasi ndani ya risasi. Tai na kondori (ndege wakubwa wala mizoga) wanakula matumbo yaliyoachwa porini wanakufa kwa sumu. Kwa bata walishapiga marufuku nchi nzima tangu 1991. Januari 2017 Idara ya Samaki na Wanyamapori ikatoa agizo la kuyaondoa kwenye mapori yake yote, Machi waziri mpya akalifuta. Wawindaji wakasema kutulazimisha risasi ghali ni kutufungia pori kwa mlango wa nyuma. Hapo Kiswahili kinanichekesha: wanataka risasi zisizo na risasi.

#34 Mswahili wa Dallas
Tena hao wa kulenga shabaha ndio wanaoharibu sifa. Nenda jangwa la BLM nje ya mji wowote: televisheni zilizotobolewa, friji, maganda ya risasi, moto wa nyasi wakati wa kiangazi. Halafu pakifungwa wanalia haki. Sheria iliyosainiwa Januari 2025 inataka pawepo viwanja rasmi vya shabaha kwenye misitu ya taifa na maeneo ya BLM. Angalau friji zitakusanyika mahali pamoja.

#35 Mshazari
Msiwadharau sana. Juni 2025 seneta Mike Lee wa Utah alitaka kuingiza kwenye muswada wa bajeti uuzaji wa mamilioni ya ekari za ardhi ya umma huko magharibi. Waliomzuia ni akina nani? Walinzi wa mazingira walipiga kelele, hilo tulilitegemea. Lakini waliowatetemesha wabunge wa chama chake ni wawindaji na wavuvi, watu wenye kofia za kamafleji na malori makubwa. Mwisho wa mwezi akaondoa pendekezo. Chama cha Mama Ujiji hicho.

#36 Mama Ujiji
Nilisema.

#37 Mutu ya Bukavu
Na Batwa wakipata chama na malori?

#38 Bwana Nyama Mstaafu
#37 hilo nitalilalia. Mjukuu, babu yako alikuwa kijiji gani cha Sikonge? Nina kumbukumbu ya mzee mmoja mwenye gobore na mbwa mwekundu. Nilimkamata mara moja, nikamwachia, alikuwa na digidigi mmoja tu kwenye mfuko wa rambo.

#39 Mjukuu wa Msasi
Mzee nimekutumia ujumbe pembeni. Mbwa alikuwa mwekundu kweli, aliitwa Simba. Digidigi sikusimuliwa.

Jumamosi nimealikwa tena. Nani anajua viatu vya theluji vizuri visivyozidi dola 80?

#40 Siti ya Dirishani
Yaani mzee kamkamata babu yake na wamekutana hapa. Mimi sibanduki, naenda kuongeza karanga tu.